Mpenda na Mpendwa: shajara ya kijitabu chetu cha riwaya za Ugiriki ya kale

11 Januari

Tumeanza. Watu watatu, riwaya nne, sebule ya Mwalimu hapa Mombasa, na birika la chai ya tangawizi lililojazwa mara tatu kabla hatujaagana saa nne usiku. Kazi tuliyojipa ni kijitabu cha Kiswahili, kurasa arubaini hivi, cha kumwongoza msomaji anayetaka kuingia katika riwaya za kihistoria zinazosimulia mapenzi baina ya wanaume katika Ugiriki ya kale. Hatutafsiri riwaya zenyewe. Hatuna idhini wala hatujaiomba. Tunaeleza, tunabishana, na zaidi ya yote tunatafuta maneno.

Kwenye meza: The Song of Achilles ya Madeline Miller, ya 2011, na tatu za Mary Renault, yaani The Last of the Wine (1956), Fire from Heaven (1969) na The Persian Boy (1972). Mwalimu alitaka tuongeze Mémoires d'Hadrien ya Marguerite Yourcenar. Tumeiacha. Antinous, mpenzi aliyemo humo, alikuwa kijana wa Bithynia aliyezama Nile mwaka 130, na bwana wake ni Hadrian, mfalme wa Roma. Tukiufungua mlango huo hatuufungi tena. Mwalimu amenuna, ila visheti amevimaliza yeye, kwa hiyo sidhani kama amenuna sana.

Mimi kazi yangu ni kutafsiri: mikataba, fomu za bima, maelezo ya dawa. Mwalimu alisomesha Kiswahili na historia, sasa amestaafu. Wa tatu ni nesi wa zamu za usiku ambaye husoma haraka kuliko sisi wawili tukijumlishwa. Majina yao siyaandiki. Wameniomba hivyo, na anayezijua nchi zetu hatauliza kwa nini.

25 Januari

Wiki mbili zimekwenda kwa neno moja.

Nilikuwa nimeandika "wapenzi" kila mahali. Achilles na Patroclus, mashujaa wa vita vya Troya, wapenzi; Alexander Mkuu na rafiki yake Hephaestion wapenzi. Nesi akauliza swali jepesi kabisa: "Aliyempenda mwenzake kwanza ni nani?" Nikakwama. Neno "mpenzi" halisemi, na kwa Waathene hilo ndilo lililokuwa jambo lenyewe. Wao walikuwa na erastes, yule apendaye, na eromenos, yule apendwaye. Kitenzi ni kile kile. Mmoja yuko katika kauli ya kutenda, mwingine katika kauli ya kutendwa. Nilikaa na kalamu karibu saa nzima nikisuka maelezo ya mistari minne, kumbe jawabu nimelikalia: mpenda na mpendwa. Herufi moja, w, inabeba mzigo wote. Mtoto wa darasa la sita anaijua kauli ya kutendwa, hahitaji kufundishwa Kigiriki.

Mwalimu akaja na jozi yake, kwa sababu Mwalimu haji mikono mitupu: muhibu na mahabubu. Kwa Kiarabu ni hesabu hiyo hiyo, mmoja apenda, mwingine apendwa. Tumepiga kura. Jozi yangu imeshinda mbili kwa moja, kwa hoja ya nesi kwamba "mahabubu" hunukia asmini na udi, humwita mtu ukumbini kwenye taarabu, na wale vijana wa Ugiriki walikuwa wamejipaka mafuta na vumbi la uwanja wa mieleka.

Mfano wetu wa kwanza umeandikika vizuri: Aristogeiton mpenda, Harmodius mpendwa. Hipparchus, ndugu wa Hippias aliyeitawala Athens kwa mabavu, alimtaka Harmodius, akakataliwa, akalipiza kwa kumvunjia heshima dada yake hadharani. Mwaka 514 KK wale wawili walimuua. Wote wawili walipoteza maisha, na baadaye Athens ikawasimamishia sanamu kama wakombozi wa mji. Katika Symposium, kitabu cha Plato kuhusu karamu moja, Pausanias anawataja.

Maneno ya mtaani ya leo, yale ambayo mtu hurushiwa kama jiwe, hayamo katika kijitabu. Si adabu tu. Maneno hayo yanataja aina ya mtu, na Mwathene hakuwa akiuliza hivyo. Aliuliza nani mkubwa na nani mdogo, nani raia na nani mtumwa, na kama fedha zimepita mkononi. Aeschines, msemaji wa Athens, alipomshtaki mwanasiasa Timarchus, karibu na mwaka 346 KK, kosa alilolishikilia ni kwamba raia aliyeuza mwili wake hana haki ya kusimama mbele ya baraza na kuhutubia. Katika hotuba hiyo hiyo Aeschines anakiri kwamba yeye mwenyewe ni mtu wa mapenzi na vijana, na haoni aibu.

Na hapa pana jambo ambalo hatukulipaka rangi. Desturi ya matajiri wa Athens ilimweka mtu mzima upande mmoja na kijana ambaye ndevu hazijaota upande wa pili. Kwa sheria na kwa dhamiri ya leo huyo wa pili ni mtoto. Ukurasa wa pili wa kijitabu unasema hivyo bila kuzunguka. Waandishi wa riwaya hulijua tatizo hili. Miller amewafanya Achilles na Patroclus marika. Renault, kwa Alexander na Hephaestion, hakulazimika kubuni. Mwanahistoria wa kale Curtius Rufus ameshasema walikuwa na umri mmoja.

8 Februari

Shangazi yangu haoni vizuri siku hizi, kwa hiyo kila Jumamosi humsomea gazeti. Leo lilikuwa siasa tupu. Akachoka, akasema, "Nisomee hiyo karatasi yako, mwanangu, unayoikunjakunja."

Ilikuwa muhtasari wangu wa kitabu cha kumi na nane cha Iliad, utenzi wa Homer wa vita vya Troya. Habari ya kifo cha Patroclus inamfikia Achilles. Anachota vumbi kwa mikono miwili, anajimwagia kichwani na usoni. Anajilaza chini, urefu wake wote, anajing'oa nywele. Antilochus analia huku amemshika mikono, akichelea asije akajikata koo. Mama yake anatoka baharini kumuuliza kulikoni, naye anamwambia kwamba huyo aliyekufa alimthamini kuliko wenzake wote, sawasawa na kichwa chake mwenyewe.

Shangazi akafuta macho kwa ncha ya leso. "Masikini. Alimpenda mkewe."

Nilipoitazama karatasi nikaiona kasoro. Jina la Patroclus lilikuwa katika sentensi ya kwanza peke yake, na yeye hakulishika. Baada ya hapo ni alimpenda, alimlilia, hakukubali azikwe. Kiswahili changu kilikuwa kimemficha mtu bila kukusudia.

"Si mkewe, shangazi. Ni mwanamume mwenzake."

Akanyamaza. Feni ikawa inalia peke yake. Nami kwa kutojua la kufanya nikaendelea kusoma, nikaingia kitabu cha ishirini na tatu: mzimu wa Patroclus unamjia Achilles usingizini, unaomba mifupa yao ije iwekwe pamoja katika chombo kimoja cha dhahabu, kulipokucha watu wanakwenda kukata kuni, wanazipanga, wanamlaza juu, wanamchoma.

"Wanamchoma moto?"

"Ndiyo desturi yao, shangazi."

"Mtu unayempenda hivyo, umchome moto?" Akaleta astaghfirullahi mara tatu, na mpaka navaa viatu mlangoni hilo ndilo alilokuwa akilirudia. Kuhusu lile jingine hakusema, wala sikumuuliza.

10 Februari

Nimewasimulia wenzangu. Nesi amecheka mpaka kikombe kikamponyoka. Mwalimu yeye hakucheka, aliona somo la sarufi.

Mwandishi wa Kiingereza, anasema Mwalimu, hawezi kupita mstari mmoja bila kumkumbusha msomaji kwamba hawa ni wanaume; vijineno vyake vya nafsi vinabisha hodi kila sentensi. Sisi tuna "a-" na "-m-" basi. Mshairi wa Kiswahili anaweza kumlilia nyonda wake beti arubaini, asijulikane ni nani, na mwimbaji mwanamke akayaimba yaliyotungwa na mwanamume pasiwe na anayeshangaa. Uhuru huo ni mtamu kwa utenzi. Kwa kijitabu kama chetu ni mtego, maana msomaji atajaza mke mahali ambapo hayupo, kama Shangazi.

Tumekubaliana: kila aya itaje jina angalau mara moja, na pale penye uzito litajwe hata likichosha sikio. Halafu nikagundua kwamba Miller ametutangulia. Riwaya yake nzima inasimuliwa na Patroclus kwa "mimi", na hata akishakufa anaendelea kusimulia, kwa sababu kivuli chake hakiwezi kutulia hadi jina lake liandikwe kwenye kaburi. Majivu yao yamechanganywa lakini jiwe lina jina moja. Mwishoni Thetis, mama yake Achilles, mama mkwe asiyempenda (sijui nimwiteje vingine), ndiye anayelichonga. Riwaya inayomalizikia kwenye jina. Na mimi nilikuwa nimelitupa katika sentensi ya kwanza.

Miller alisomesha Kilatini na Kigiriki, na riwaya hii ilimchukua miaka kumi. Ilipata Orange Prize mwaka 2012. Nisichokipenda ni kwamba Patroclus wake ni mpole kupita kiasi, anatibu majeruhi zaidi ya anavyopigana, ilhali yule wa Homer ni muuaji hodari anayeua kwa makumi kabla Hector wa Troya hajammaliza. Nesi anabisha. Anasema Homer mwenyewe amemwonyesha akimpasua Eurypylus paja kutoa mshale, akaosha damu kwa maji ya vuguvugu na kuweka mzizi mchungu uliosagwa. Nimekwenda kusoma. Ni kweli, mwisho wa kitabu cha kumi na moja. Nimejirekebisha nusu.

Jambo moja ambalo kijitabu lazima kilieleze kwa utulivu: Homer hasemi popote kwamba hawa wawili walipendana kimwili. Aeschylus ndiye aliyesema waziwazi, katika tamthilia ya Myrmidons ambayo imetufikia vipande vipande, na akamfanya Achilles kuwa mpenda. Kisha katika Symposium ya Plato, ile karamu ya mwaka 416 KK nyumbani kwa Agathon, Phaedrus, mmoja wa wageni, anamrukia Aeschylus kwamba anapayuka. Achilles alikuwa mdogo kwa Patroclus, alikuwa mzuri kuliko mashujaa wote, na hakuwa na ndevu. Basi alikuwa mpendwa. Ninafurahi kila nikikumbuka kwamba wasomaji wa Homer walikuwa wakigombania jambo hili miaka elfu mbili na mia nne iliyopita, wakiwa karamuni.

1 Machi

Zamu ya nesi kuwasilisha. Amekuja na Renault, na amekuja na hasira kwamba hatukumwambia mapema.

"Kwa nini hamkuniambia kuwa alikuwa nesi?"

Hatukujua kama hilo ni jambo. Mary Renault ni jina la vitabuni. Alizaliwa London mwaka 1905 kama Eileen Mary Challans, akasoma Oxford, kisha akarudi shule ya unesi katika Radcliffe Infirmary mjini humo humo. Huko alikutana na Julie Mullard, nesi mwenziwe, wakaishi pamoja hadi Renault alipofariki Cape Town mwaka 1983. Riwaya yake moja ya siku zake ilishinda tuzo nono ya kampuni ya filamu ya MGM, na mwaka 1948 kwa fedha hizo wakapanda meli kwenda Durban. Hakurudi tena kuishi Uingereza. Afrika Kusini nayo ilikuwa ndiyo kwanza inaanza ubaguzi wake kwa sheria. Renault alijiunga na Black Sash, wanawake waliokuwa wakisimama kimya barabarani na mishipi myeusi.

Riwaya yake ya The Charioteer, ya 1953, inahusu wanaume wa wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Wachapishaji wa Marekani hawakuitoa mpaka 1959. Uingereza yenyewe sheria ilibadilika mwaka 1967. Alipohamia Ugiriki ya kale kwa kalamu, mwaka 1956, ghafla wahusika wake hawana haja ya kujitetea. Hakuna anayejieleza kwa daktari wala kwa kasisi. Mwalimu anaona alikuwa anajificha nyuma ya historia. Mimi naona alikuwa amechoka kuandika watu wanaoomba radhi.

Lakini nesi hakuja kwa ajili ya hayo. Alikuja kwa ajili ya vidonda. Ametia alama za penseli kila mahali ambapo mtu anaugua au anafungwa bendeji, na amesema, "Huyu mtu ameosha wagonjwa. Haandiki kidonda kama mtu aliyekiona sinema." Akatusomea habari ya mshale uliompata Alexander kifuani kwenye mji wa Wamalli, upande wa India, majira ya baridi ya 326 kuingia 325 KK. Arrian, mwanahistoria wa kale, anasema pumzi ilitoka kwenye jeraha pamoja na damu. Nesi akagonga meza. "Pafu. Arrian kaandika ripoti ya zamu."

Halafu Hephaestion. Mwaka 324 KK, Ecbatana, mji wa Uajemi. Ana homa. Daktari anamwagiza ale kidogo. Plutarch, mwandishi wa kale wa maisha ya watu mashuhuri, anasema daktari alipokwenda kutazama maonyesho, mgonjwa aliketi akala kuku wa kuchemsha na kunywa divai iliyopozwa, chombo kikubwa, akazidiwa, akafa. Alexander alimuua daktari, akaamuru farasi na nyumbu wote wakatwe manyoya ya shingo kwa maombolezo, akazima muziki kambini.

Nesi anasema kila wodi ina Hephaestion. Homa imeshuka siku mbili, ndugu wanaleta kuku kwa siri, mgonjwa anajiona mzima. Kama ilikuwa homa ya matumbo, utumbo ulikuwa mwembamba kama karatasi. Alisimulia mgonjwa mmoja wa miaka mingi nyuma, kitanda cha dirishani, na kaka yake aliyeleta biriani. Hakumaliza hadithi. Tukanywa chai.

Mabishano makali yalikuwa juu ya Bagoas. The Persian Boy inasimuliwa naye: kijana wa Kiajemi, towashi, mtumwa wa Darius, mfalme wa Uajemi, kisha wa Alexander. Historia inamtaja kwa uchache. Plutarch anasema alishinda shindano la kucheza ngoma, jeshi zima likapiga kelele Alexander ambusu, naye akambusu. Renault amejenga riwaya nzima juu ya tukio hilo. Hoja yangu: mwandishi amempa mtu aliyehasiwa na kuuzwa sauti iliyojaa upendo kwa bwana wake, na sisi tunalewa sauti hiyo hata tunasahau hakuwa na pa kwenda. Hoja ya nesi: sura za mwanzo hazifichi kitu, baba anauawa, mtoto anauzwa na kukatwa, na anayesoma zile kurasa akasahau ni shauri yake. Hatukupatana. Kijitabu kitachapa hoja zote mbili, kurasa zikitazamana.

15 Machi

Siku ya maneno tena. Ninazipenda siku hizi kuliko zote.

Wapanda farasi wa Alexander waliitwa hetairoi, wenzi wa mfalme. Niliandika "masahaba". Neno liko tayari, lina maana ile ile, lina heshima ya vita. Mwalimu alivua miwani. "Masahaba ni wa Mtume. Usiwagawie Wamakedonia." Nikasema kwa lugha ni wingi wa sahibu tu. Akasema kwa lugha ndiyo, kwa masikio ya Mombasa hapana, na kijitabu hakisomwi na kamusi. Ameshinda bila kura. Tumeweka "waandani wa mfalme". Mwandani ni mtu wa ndani, wa siri zako, na neno hilo linaweza kusimama penye urafiki na penye zaidi ya urafiki bila kulazimisha. Kwa Hephaestion limekaa kama nguo iliyoshonwa kwa kipimo.

Patroclus kwa Achilles ni therapon. "Mtumishi" inamshusha, "msaidizi" inamfanya karani. Nesi ndiye aliyesema "mpambe". Rais ana mpambe anayesimama nyuma yake na magwanda, na bibi harusi ana mpambe anayemtengeneza shela. Vita na harusi katika neno moja! Sijawahi kuwaonea wivu Wagiriki tangu siku hiyo.

The Last of the Wine. Jina linatoka kwenye mashapo ya kikombe: baada ya chakula watu waliandika au kurusha tone la mwisho la divai huku wakimtaja wampendaye. Ndani ya riwaya, ami wa msimulizi alikunywa sumu pamoja na mpenzi wake aliyeugua tauni, na jina likakutwa limeandikwa kwa mashapo. Msimulizi, Alexias, amepewa jina la ami huyo. Niliandika "machicha", Mwalimu akauliza kama wale jamaa walikuwa wanakamua nazi. Basi ni mashapo.

Riwaya hiyo ndiyo bora kwangu kati ya nne. Athens inashindwa vita polepole, inazingirwa, inakula punda, inasalimu amri mwaka 404 KK, inaingia mikononi mwa wale Thelathini, watawala wa mabavu, na katikati ya yote Alexias na mpenzi wake Lysis wanazeeka ujana wao. Socrates anapita pita mitaani akiuliza maswali. Mapenzi hayako juu ya historia kama sukari juu ya mandazi; njaa ikija nao wanakonda.

Mwisho, mstari mdogo uliotupa raha. Mwaka 333 KK, baada ya vita vya Issus, Alexander na Hephaestion wanaingia hemani kwa mama yake Darius, naye anamsujudia Hephaestion kwa kuwa ndiye mrefu zaidi, kisha anaona haya alipojua amekosea. Alexander anamwambia hakukosea, kwani huyu pia ni Alexander. Arrian anaisimulia na kuongeza kwamba hadai ni kweli wala haoni haiwezekani. Kwa Kiswahili: "Hukukosea, mama. Naye ni Alexander." Hilo "naye" linafanya kazi ambayo nilitenga sentensi mbili kwa ajili yake.

29 Machi

Ukurasa mmoja wa Kikosi Kitakatifu cha Thebes, ingawa hakimo katika riwaya zetu. Watu 300, jozi 150, mpenda na mpendwa bega kwa bega. Walisaidia kuivunja Sparta pale Leuctra mwaka 371 KK, wakaisha Chaeronea mwaka 338 KK mbele ya Philip, mfalme wa Makedonia, na mwanawe Alexander, aliyekuwa na miaka kumi na minane. Wachimbaji wa 1879 na 1880 walikuta chini ya sanamu ya simba mifupa ya watu 254, imepangwa safu saba. Nimeandika asubuhi moja, nikapeleka.

12 Aprili

Uchapaji. Nilipeleka faili kwa duka moja la kurudufu, silitaji. Kijana kwenye mashine aliangalia jalada, akaniangalia mimi, akaenda nyuma, akarudi na mwenye duka. Jalada lilikuwa na kichwa kirefu nilichokiandika kwa uaminifu wa mtafsiri wa mikataba: Mapenzi ya Wanaume katika Riwaya za Ugiriki ya Kale. Mwenye duka hakuwa mkali. Aliongea kwa sauti ya chini kama mtu anayekataa kukopesha. "Bwana, mimi nina watoto. Na karatasi hii ina muhuri wa duka langu nyuma." Nikachukua faili langu, nikampa mkono, nikaenda kukaa gengeni kwa nusu saa.

Nilikuwa na hasira naye mpaka jioni. Nesi akaniambia hasira hiyo nimeilenga kwa mtu asiye na nguvu, na kwamba kichwa chenyewe kilikuwa kibaya: kinasikika kama ripoti ya semina. Hapo ameniweza.

Jalada jipya lina kichwa cha maneno matatu, Mpenda na Mpendwa, na mchoro wa penseli wa nesi mwenyewe akiiga kile kikombe cha mfinyanzi wa kale Sosias kilichoko Berlin, cha karibu mwaka 500 KK. Achilles amepiga goti anamfunga Patroclus bendeji mkononi. Patroclus ana ndevu, Achilles hana, kama Phaedrus atakavyosema baadaye. Mshale uko pembeni. Patroclus amegeuza uso pembeni, meno yake yanaonekana meupe, na hiyo ndiyo sehemu iliyomshinda nesi kuchora mara nne. Alisema anaijua sura hiyo kila usiku na bado mkono unakataa. Bendeji amemkosoa mchoraji wa kale: imekatizwa vizuri lakini ncha mbili hazitakutana.

Duka la pili, mtaa wa pili. Kijana wa hapo akasema, "Hii ya huduma ya kwanza, ee?" Nikasema ni ya hadithi. Nakala ishirini na tano, pini mbili kila moja, zikawa tayari kabla ya adhuhuri.

26 Aprili

Nakala kumi na nne zimeshagawiwa. Shangazi ameomba yake isomwe kwa sauti, lakini ile habari ya kuni niiruke.

Kosa limepatikana, na ni langu. Ukurasa wa 22, mstari wa tatu, pale Phaedrus anapomkaripia Aeschylus na kusema Achilles alikuwa mpendwa, w imeanguka. Imechapwa "mpenda". Kwa hiyo katika kijitabu chetu Phaedrus anamwita Aeschylus mpayukaji, kisha anakubaliana naye neno kwa neno. Nimesahihisha kwa kalamu nyeusi nakala kumi na moja zilizobaki, na nimepita nyumba hadi nyumba kwa zile nyingine. Nesi amekuwa ameshaiona na kuiweka sawa kwa penseli. Mwalimu amekataa yake isiguswe. Anasema yeye tangu mwanzo alikuwa upande wa Aeschylus.